Mafuta ya naitrogliserini kwa vidole vinavyokufa na baridi: yanayosemwa na ukweli wake

Jamani naomba niliongee hili, maana kila baridi ikianza huku Njombe, mwezi wa sita hivi, naulizwa maswali yaleyale kuhusu mafuta haya na majibu mengine ambayo watu wanapeana yananitisha kabisa. Mimi nina Raynaud, huu ugonjwa wa vidole kufa kwa baridi, mwaka wa sita sasa. Nikitoa tu maziwa kwenye friji, kidole cha kati na cha pete vinakufa hapohapo, kutoka nchani mpaka kiungo cha pili, unauona mpaka kabisa kama mtu kachora mstari, ganzi tupu, baadae vinakuwa kama bluu, alafu damu ikirudi ndo moto wenyewe unawaka.

Wengi wanakwambia "hiyo ni upungufu wa damu tu, kunywa rozela". Hapana. Damu unaweza kuwa nayo ya kutosha, shida ni mishipa midogo ya vidole inajibana kupita kiasi ikikutana na baridi au hata stresi, na daktari mmoja Mfaransa, Maurice Raynaud, aliieleza tangu 1862. Na hili la rangi mlishike: vitabu vinasema kidole kinakuwa cheupe, ila kwa ngozi zetu weupe huo unaweza usiuone, unaona tu kimepauka kama kijivu, kwa hiyo angalia kucha na upande wa kiganja. Piga picha vikiwa vimekufa umwonyeshe daktari, ukifika kliniki na jua limeshatoka hana cha kuona.

Wengine wanasema, "Haya ni mafuta tu, kama dawa ya kuchua." Hapa ndo penye hatari. Mentholi ya kwenye dawa ya kuchua inakupa tu hisia kwenye ngozi, lakini naitrogliserini ni dawa ya moyo, ileile wagonjwa wanaweka chini ya ulimi kifua kikibana. Inatoa naitriki oksaidi, inayolegeza misuli ya kwenye kuta za mishipa, mshipa unafunguka. Na haibaki kidoleni! Inapita kwenye ngozi inaingia kwenye damu ya mwili mzima. Siku yangu ya kwanza nilipaka vidole vyote kumi, nene kama losheni, nusu saa haijaisha kichwa kinagonga puu puu mpaka machoni, nasimama naona giza, nikashika fremu ya mlango nikakaa chini taratibu. Nikajua nimeuziwa feki. Kumbe dawa ilikuwa inafanya kazi, mimi ndo nimezidisha. Siku hizi napaka kidogo, kile kiasi daktari alichonionyesha, kwenye vidole vinavyosumbua tu, nikiwa nimekaa, na sisugui kwa nguvu. Mtu mwingine akikupaka avae glavu, na wewe ukishapaka usimshike mtoto wala kugusa macho.

Kwa hiyo akina baba nisikilizeni: kama unatumia Viagra au vidonge vyovyote vya jamii hiyo, sildenafili, tadalafili, usiguse mafuta haya. Zikikutana presha inaweza kuporomoka mpaka ukapoteza maisha. Hata akina mama, maana sildenafili yenyewe kuna madaktari wanaiandika kwa Raynaud, mwambie daktari kila kitu unachomeza hata kama unaona aibu.

Aibu nyingine ni hii. Rafiki yangu alipewa tyubu, kusoma karatasi ya ndani anakuta imeandikwa ni ya mpasuko wa njia ya haja kubwa, akaitupa kwa hasira akidhani amedharauliwa. Dawa ni ileile, nguvu ndo tofauti: ya mpasuko ni asilimia 0.4, ya kifua kubana ni asilimia 2, yaani mara tano. Vidole huwezi kuvikuta kwenye karatasi, daktari anaiandika kwa uamuzi wake, na ndo maana hutakiwi kubadilisha tyubu moja kwa nyingine bila kumuuliza.

Kuna anayeogopa itamlipukia, na kweli ndo kemikali Alfred Nobel aliyotengenezea baruti yake ya dainamaiti 1867, ila kwenye mafuta imepunguzwa sana, hailipuki.

"Paka asubuhi mchana usiku, ndo itakolea." Inakuwa kinyume, mwili unaizoea na inaacha kufanya kazi. Wagonjwa wa moyo huachiwa masaa kama 10 mpaka 12 kila siku bila dawa, na wewe uliza ratiba yako. Wala haiponyi, inafungua mishipa kwa muda tu, na kwa kawaida daktari huanza na vidonge vya nifedipini, navyo vinalegeza mishipa. Vaa sweta kabla ya glavu maana kifua kikipoa vidole vinafuata, acha sigara, na muulize daktari kuhusu propranololi, ile dawa ya presha na moyo, na zile dawa za kuzibua pua, zinaweza kukuzidishia. Na usitumbukize mkono kwenye maji ya moto, kidole chenye ganzi kinaungua hujui, tumia vuguvugu.

Ila kama imekuanza umeshapita miaka 30, au ni mkono mmoja tu, au kuna kidonda nchani, viungo vinauma, ngozi inakaza, usianze na mafuta, nenda hospitali uchunguzwe lupasi na skleroderma, magonjwa ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Kuna kipimo ambacho hata hakiumi, mimi daktari alinidondoshea tone la mafuta kwenye ngozi ya pale kucha inapoanzia akaangalia vimishipa kwa lensi, kidole kimoja kimoja.