Maana ya kufaulu kidato cha sita kwa anayetaka chuo kikuu

Tanzania haina mtihani wa pekee wa kuingilia chuo kikuu kwa wanaotoka shuleni moja kwa moja. Mtihani wa kumaliza kidato cha sita, unaotungwa na kusahihishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, hufanya kazi mbili kwa pamoja: humpa mwanafunzi cheti cha kuhitimu elimu ya juu ya sekondari, na papo hapo hutoa alama ambazo vyuo vikuu huzitumia kumpokea au kumkataa. Kwa kuwa kazi ni mbili, maana ya kufaulu nayo ni mbili, na hapo ndipo familia nyingi huchanganyikiwa matokeo yanapotangazwa. Mtoto wa nyumba hii ana daraja la tatu na amepata chuo; wa nyumba ya pili ana daraja lilelile, pointi zilezile, na maombi yake yamerudi kwa maelezo kwamba hana sifa. Hakuna aliyeonewa. Kila mmoja amepimwa kwa mizani mbili, na mizani hizo husomwa kinyume.

Tuanze na alama zenyewe. Katika kila somo mtahiniwa hupata A akifikisha 80 au zaidi, B kuanzia 70 hadi 79, C kuanzia 60 hadi 69, D kuanzia 50 hadi 59, na E kuanzia 40 hadi 49. Chini ya hapo ipo S, ya 35 hadi 39, kisha F. Mpaka wa maana kwa anayetazama chuo upo kati ya E na S. Kuanzia A hadi E huhesabiwa kuwa ufaulu mkuu wa somo, wakati S ni ufaulu mdogo: somo halikuanguka, lakini kwa mlango wa chuo kikuu halihesabiki kama somo kamili.

Mizani ya kwanza ni ya NECTA, nayo hupanga madaraja. Huchukuliwa masomo matatu ya tahasusi ya mwanafunzi, yaani mkusanyiko wa masomo makuu anayoyasoma kidato cha tano na cha sita, kila alama ikageuzwa kuwa pointi, A ikiwa 1, B 2, C 3, na kuendelea hivyo hadi S yenye 6 na F yenye 7, kisha pointi hizo hujumlishwa. Jumla ya 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, na 20 au 21 ni sifuri. Katika mizani hii mwenye pointi chache ndiye aliyefanya vizuri, ndiyo maana shule hujivunia mwanafunzi wa «wani ya tatu», yaani aliyepata A zote tatu. Masomo ya ziada ambayo wanafunzi huyaita GS, yaani General Studies, na BAM, yaani Basic Applied Mathematics, hayaingii katika hesabu hiyo.

Mizani ya pili ni ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005 na ambayo huweka sifa za chini za kujiunga na shahada ya kwanza. Hapa A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu pointi, na F haina kitu, kwa hiyo mwenye pointi nyingi ndiye aliye juu. Sharti la jumla ni kwamba mwombaji awe na ufaulu mkuu katika masomo mawili yanayohusiana na programu anayoiomba, na masomo hayo mawili kwa pamoja yafikishe angalau pointi 4.0. Daraja halikutajwa popote katika sharti hilo. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo habari ambayo kila mwanafunzi angepaswa kuambiwa akiwa kidato cha tano, si baada ya matokeo.

Chukua vijana wawili waliosoma tahasusi moja. Wa kwanza amepata C, E na S. Kwa NECTA hizo ni 3, 5 na 6, jumla 14, daraja la tatu. Wa pili amepata D, E na E, yaani 4, 5 na 5, jumla 14 vilevile, daraja la tatu vilevile. Zaidi ya hapo, huyu wa pili ana ufaulu mkuu katika masomo yote matatu, na mzazi wake anaweza kudhani kwamba ndiye aliye salama zaidi. Lakini kwa TCU wa kwanza anabeba C yake yenye 3 na E yenye 1, anafikisha 4, na ikiwa hayo ndiyo masomo yanayotakiwa na programu, anastahili kuomba. Wa pili, kwa masomo yoyote mawili atakayoyachagua, hapiti 3. Mizani ya daraja hutazama mwanafunzi alivyosawazisha masomo yake matatu, na mizani ya udahili hutazama uzito wa masomo mawili tu. Ndiyo maana aliye na E tatu hana njia ya moja kwa moja ya kwenda kusoma shahada, ingawa hakuanguka somo hata moja.

Neno zito zaidi katika sharti lile ni «yanayohusiana na programu». Mwanafunzi wa PCB, aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia akapata wani ya tatu, hawezi kuingia uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu programu hiyo hutaka ufaulu mkuu wa Fizikia na Hisabati ya juu, na hiyo Hisabati yeye hakuisoma. Mwenzake wa PCM mwenye D ya Fizikia, D ya Hisabati na E ya Kemia, daraja la tatu la pointi 13, ametimiza sharti la chini la jumla. Kwa upande wa pili, udaktari wa binadamu hautosheki na masomo mawili: hutaka Fizikia, Kemia na Baiolojia yote kwa pamoja. Kwa hiyo swali la kufaulu huanza kujibiwa siku tahasusi inapochaguliwa, miaka miwili kabla ya mtihani, mara nyingi na kijana ambaye bado hajui anataka kuwa nani.

Wakenya wana jambo linalofanana na hili. Kule mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, hutoa daraja la wastani, na C+ ndiyo kiwango cha chini cha kwenda kusoma shahada, lakini kozi anayopangiwa mwanafunzi hutegemea pia kundi la masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo.

Masomo ya pembeni nayo yana siku yake. BAM haiingii katika daraja, na wanafunzi wengi huisoma shingo upande, lakini zipo programu nyingi, hasa za sayansi na biashara, ambazo humtaka mwombaji asiye na Hisabati ya juu aonyeshe angalau S ya BAM, au alama nzuri ya Hisabati ya kidato cha nne. Cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo, hakifungiwi kabatini.

Lazima pia kutenganisha kustahili na kuchaguliwa. Pointi 4.0 humruhusu mtu kuomba, hazimwahidi nafasi. Waombaji wakizidi viti, chuo hupanga majina kuanzia wenye alama za juu, na ndivyo ilivyo kila mwaka kwa udaktari katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Mwenye pointi za kiwango cha chini kabisa akiomba programu zinazogombewa peke yake anaweza kuziona awamu zote za udahili zikipita. Kuanzia mwaka 2017 waombaji hutuma maombi moja kwa moja kwenye vyuo badala ya kupitia mfumo mmoja wa TCU, kwa hiyo mtu mmoja huweza kuchaguliwa na vyuo viwili au vitatu. Huyo hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa, na wapo wanaofaulu mtihani vizuri kabisa kisha wakapoteza nafasi kwa kutothibitisha.

Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 wasitumie hesabu niliyoieleza hapo juu. Wakati huo madaraja yaliwekwa kando, mfumo wa wastani wa alama ukatumika, na ngazi ya B+ ikawepo, kabla ya madaraja kurejeshwa mwaka 2016. TCU huwapimia kwa jedwali lao, ambamo C ina pointi 2 na si 3, kwa hiyo wao hufikia 4.0 kwa C mbili.

Na ambaye hakufikisha pointi nne anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, au akaenda stashahada. Anayechagua stashahada ajue kwamba kiwango cha jumla cha kuombea shahada baadaye ni wastani wa alama za stashahada (GPA) wa 3.0, kwamba baadhi ya programu hutaka zaidi ya hapo, na kwamba ufaulu wa masomo manne wa kidato cha nne, kuanzia D, utaulizwa tena.