Je, wajua kwa nini Wazulu hupiga kidoko na sisi hatupigi?

Msemaji wa Kiswahili akikutanishwa na Kizulu, mwanzoni hujiona yuko nyumbani. Mtu ni umuntu, watu ni abantu, nyama ni inyama, nyoka ni inyoka, ndovu ni indlovu, mvua ni imvula, maji ni amanzi. Kisha Mzulu anaomba hayo maji. "Ngicela amanzi," anasema, na mahali palipoandikwa c ulimi wake unabanduka kwenye meno kwa mlio mkavu. Kamusi zetu huuita mlio huo kidoko. Kiswahili hakina konsonanti ya namna hiyo. Kisukuma, Kikikuyu na Kiganda pia havina. Sasa ndugu yetu huyu kaitoa wapi?

Jibu la haraka ni kwamba vidoko ni mali ya lugha za Khoisan, na anayepiga kidoko basi lugha yake ni ya ukoo huo au chotara wake. Neno "Khoisan" limezoeleka mno vitabuni, hata linasikika kama "Kibantu": jina la familia moja yenye babu mmoja. Sivyo, na kosa hili linastahili kukaliwa kitako kwa sababu limeishi muda mrefu na lina asili ya heshima. Mwaka 1963 mwanaisimu wa Marekani, Joseph Greenberg, aligawa lugha za Afrika katika makundi makubwa manne. La nne, dogo kuliko yote, lilikuwa Khoisan. Alitia humo lugha za Kalahari na Namibia, na akaongeza mbili za Tanzania: Kisandawe cha mkoani Dodoma na Kihadza cha kandokando ya Ziwa Eyasi.

Waliokuja baada yake na kukaa na lugha hizo moja moja walikuta mambo hayalingani. Leo wengi wao huzigawa zile za kusini katika familia tatu ambazo hakuna aliyefaulu kuonyesha kuwa zina chimbuko moja: Khoe-Kwadi, Kx'a na Tuu. Tofauti zake si za juujuu. Kikhoekhoe cha Namibia, kilicho katika ile familia ya kwanza, kwa kawaida huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, na nomino zake huvaa alama ya jinsia: -b kwa ya kiume, -s kwa ya kike. Lugha za Kx'a na Tuu huweka kitenzi katikati kama sisi, baina ya mtenda na mtendwa. Viwakilishi vya nafsi, ambavyo kwa kawaida lugha haziazimani kirahisi, navyo vinatofautiana. Kihadza kimebaki peke yake bila ndugu anayejulikana. Kisandawe huenda kina uhusiano wa mbali na Khoe-Kwadi, lakini ushahidi ni mwembamba na mabishano hayajaisha.

Kilichoziunganisha lugha hizi machoni pa watu ni kidoko chenyewe, na kidoko ni shahidi dhaifu wa udugu. Kidahalo, kinachosemwa na watu wachache pwani ya Kenya si mbali na Lamu, ni lugha ya Kikushi, upande mmoja na Kisomali. Nacho kina vidoko katika maneno machache. Kituko kikubwa zaidi kiko Australia. Katika kisiwa cha Mornington, Walardil walikuwa na lugha ya jandoni iitwayo Damin, wakifundishwa wanaume waliofikia hatua ya juu ya jando, nayo ilikuwa na vidoko. Hakuna anayedai kwamba Walardil walitoka Kalahari.

Kama kidoko si alama ya ukoo, ni nini basi? Hapa inafaa kuangalia kinavyotengenezwa, maana wengi hudhani kinatoka kooni, au kwamba msemaji husimamisha maneno ili apige mlio kisha aendelee.

Chukua bomba la sindano ambalo halijawekwa sindano. Ziba tundu la mbele kwa kidole, halafu vuta mti wa nyuma. Hewa iliyofungiwa ndani inapata nafasi kubwa kuliko ile iliyokuwa nayo, kwa hiyo inalegea. Ukiondoa kidole ghafla, hewa ya nje inaingia kwa kishindo na bomba linalia. Sasa hamisha kila kitu mdomoni. Nyuma ya ulimi inapandishwa na kubana kaakaa laini: huko ndiko bomba linakozibwa nyuma. Ncha ya ulimi inaziba mbele, mahali pa kidole. Katikati ulimi unashushwa, na huko ndiko kuvuta mti. Ncha ikibanduka, hewa inaingia na kidoko kinasikika. Mahali ulipoweka "kidole" ndipo panapoamua ni kidoko gani. Kwenye meno unapata c ya Kizulu. Nyuma ya ufizi unapata q, yenye mlio mkubwa na wa wazi. Na ukiiacha ncha mahali pake ukafungua ubavu mmoja tu wa ulimi, unapata x, ambayo ndiyo inayoanza jina Xhosa. Lugha chache za familia ya Tuu huziba kwa midomo yenyewe, zikapata kidoko kinachofanana na busu.

Tazama sasa kisichotumika: mapafu. Bomba lote liko mbele ya kaakaa laini, na nyuma yake koo na pua viko huru. Kwa hiyo msemaji anaweza kuvumisha sauti puani wakati kidoko kinapigwa mdomoni (Wazulu huandika nc, nq, nx), au kukitia mtetemo wa koo (gc, gq, gx), au kukifuatisha na mpumuo (ch, qh, xh). Milio mitatu ya mdomoni ikizidishwa kwa namna hizi na michanganyiko yake, Kizulu kinapata konsonanti 15 za vidoko, na Kixhosa 18. Kijuǀ'hoan cha mpakani mwa Namibia na Botswana kina 48. Kitaa cha Botswana, alichokichunguza kwa miaka mingi Anthony Traill wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kimezidi hapo, ingawa idadi kamili inategemea kama mhesabuji anaiona kila sauti kuwa moja au ni mbili zilizogandana.

Wala si sauti ngeni kwa midomo yetu. Mtu anayesonya anafyonza hewa kwa njia hiyohiyo, na anaweza kuendelea kupumua kwa pua huku akisonya, jambo linalomwezesha kusonya kwa muda wa kuudhi kabisa. Tofauti ni kwamba msonyo husimama peke yake. Hauingii ndani ya neno na kufuatwa na irabu.

Turudi kwa Wazulu na Waxhosa. Mababu wao Wanguni waliingia kusini na Kibantu kisicho na vidoko, wakakuta wafugaji wa Kikhoekhoe na wawindaji wa Kisan. Walichanganyika. Maneno mengi yenye vidoko yaliingia kwa mkopo, na baadhi ya majina ya mahali pia: mji wa Port Elizabeth ulipobadilishwa jina mwaka 2021 kuwa Gqeberha, umbo la Kixhosa la jina la asili ya Kikhoekhoe, watangazaji wa nchi nyingi walipata kazi ya kufanya mazoezi. Vinasaba vinavyorithiwa kwa mama navyo vinaonyesha kuwa katika mchanganyiko huo wanawake wa Khoe na San waliolewa kwa wingi upande wa Wabantu.

Mkopo, hata hivyo, haumalizi swali. Vidoko vimo pia katika maneno yanayoelekea kuwa ya Kibantu. Kuzima moto kwa Kizulu ni ukucima. Kishona ni kudzima. Mzizi unaonekana kuwa uleule, ila Mzulu ametia c mahali pa z yetu. Nani akope kidoko na kukipachika kwenye neno alilokuwa nalo tayari?

Dhana inayotajwa zaidi iliandikwa na mwanaisimu Robert Herbert mwaka 1990, naye aliielekeza kwenye hlonipha. Hiyo ni desturi ya Wanguni inayomkataza mke aliyeolewa kutamka jina la baba mkwe na, katika ukali wake, hata silabi zinazofanana nalo ndani ya maneno mengine. Tuseme mkwe anaitwa Themba: neno lolote lenye silabi hizo linahitaji kubadilishwa. Njia rahisi ni kung'oa konsonanti moja na kuweka nyingine, na kidoko kilifaa sana kwa sababu hakikufanana na chochote kilichokuwapo. Watoto waliolelewa na mama hao wangeyasikia maneno yaliyobadilishwa kama maneno ya kawaida. Dhana hii inavutia, lakini tuipokee kwa kiasi: hlonipha imeandikwa vizuri kwa karne mbili hivi zilizopita, ilhali vidoko viliingia kabla ya hapo. Tena Kiyeyi cha bonde la Okavango, Kibantu kingine, kina vidoko vingi, na kwake hlonipha haiwezi kuwa maelezo ya moja kwa moja.

Kidoko pia huondoka, na mfano wake uko Tanzania. Zwangendaba, kiongozi wa Wanguni, aliondoka kusini na watu wake wakati wa vurugu za zama za Shaka, mfalme wa Wazulu, akavuka Zambezi mwaka 1835 na kufia Ufipa katika miaka ya 1840. Baadhi ya wafuasi wake waliishia Songea. Majina kama Gama na Zulu bado yako mkoani Ruvuma, lakini Kingoni kinachosemwa huko leo kiko karibu zaidi na Kimatengo kuliko Kizulu, na vidoko hakina. Wanguni waliofika walikuwa wachache, wakaoa wanawake wa makabila waliyoyashinda, na watoto wakashika lugha ya mama zao.