Viti haviwaleti wahuni

Juma lililopita nimeisikia tena. Tulikuwa kikaoni, ramani imetandazwa mezani, tunajadili namna ya kuusanifu upya uwanja unaozunguka jengo moja la ofisi za mji. Kabla sijamaliza kuonyesha mahali pa kukaa watu, mkubwa mmoja akanikatiza: "Dada, ukiweka viti pale, wahuni watahamia." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nafanya kazi ya usanifu wa mandhari hapa Kisumu na miji ya jirani, na sentensi hiyo imenipokea karibu kila ofisi niliyoingia. Dakika mbili za kikao hazinitoshi kuijibu. Naijibu hapa.

Jengo silitaji. Ukiishi magharibi mwa Kenya huenda ukadhani nasema la kwenu, maana yanafanana: bendera, kabro, yaani matofali ya kutandika chini, kutoka ukutani mpaka barabarani, vyungu vikubwa vya zege, mnyororo wa kuzuia tuktuk. Mchana uwanja ni mtupu. Mtu aliyeambiwa kaunta arudi saa nane habaki pale. Anavuka barabara, anajibanza chini ya mwavuli wa wakala wa pesa za simu, au anakaa kwenye ngazi za duka la mtu hadi mwenye duka amfukuze.

Nilikwenda kukaa pale siku tatu, asubuhi hadi jioni, nikiwatafuta hao wahuni. Nilimwona kijana aliyefuata leseni ya biashara akakuta mtandao umekwama. Mama wa sokoni aliyekuja kulipa ushuru, mtoto mgongoni. Wazee watatu wanaosoma gazeti moja na kubishana siasa. Waendesha boda wakingoja abiria. Kila mmoja wao, akisimama kwenye foleni, ni mwananchi anayehudumiwa. Akiketi kwenye ukingo wa chungu cha maua, askari wa kanjo, wale wa serikali ya mji, anamwita mzururaji na kumwamuru aondoke. Ukingo wenyewe umepigwa nondo zenye ncha ili pasikaliwe. Yaani mji ulitumia pesa za walipa ushuru kuwanyima walipa ushuru mahali pa kukaa wakisubiri kulipa ushuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Jambo hili limechunguzwa zamani. Kuanzia 1961 jiji la New York liliwaruhusu wenye majengo kuongeza ghorofa kama wangeacha uwanja wazi mbele. Viwanja vikajengwa kwa wingi, na vingi vikabaki vitupu. William H. Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini, na vijana wake wakaenda na kamera, wakapiga picha za filamu na kuhesabu watu, nani anakaa wapi, saa ngapi, kwa muda gani. Walitarajia sababu iwe ukubwa wa uwanja, au umbo lake, au uzuri wake. Jibu lilikuwa jepesi hata likawaaibisha wataalamu: watu hukaa panapokalika. Mwaka 1975 jiji likaandika sheria, futi moja ya urefu wa kukalia kwa kila futi 30 za mraba za uwanja. Kwa vipimo vyetu, uwanja wa mita 1,000 za mraba unadai mita zipatazo 109 za kukalia. Zihesabu za kwenu.

Na kuhusu wahuni, kuna Bryant Park, bustani ya umma jijini humo humo. Miaka ya 1970 ilijulikana kwa wauza dawa za kulevya. Ilikuwa imeinuliwa juu ya usawa wa barabara, imezungushiwa uzio wa chuma na vichaka virefu, mtu wa nje haoni ndani. Ushauri wa Whyte haukuwa kuongeza uzio. Alisema vichaka viondolewe, milango ipanuliwe, watu wa kawaida wapewe sababu ya kuingia. Ilipofunguliwa upya 1992 iliwekewa viti vya kubebeka, visivyofungwa ardhini, na watu wakajaa. Mwizi na muuza bangi hupenda mahali pasipo na macho. Uwanja mtupu ndio uliompa nafasi, na mkubwa wangu wa kikaoni anataka kuulinda utupu huo huo.

Sasa nije kwenye kivuli, na hapa nitakawia.

Vitabu vingi vya fani yangu viliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako mtu hulitafuta jua. Vinafundisha uelekeze viti kusini, upate jua. Ukiileta kanuni hiyo Kisumu umewachoma watu. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta. Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, Desemba liko kusini, Machi na Septemba liko utosini. Tena adhuhuri yenyewe haiji saa sita. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki nasi tuko karibu na ya 35, kwa hiyo jua linafika juu kabisa yapata saa saba kasorobo. Ndiyo maana saa nane, wakati watu wanarudi kaunta, bado linawaka kama halijaanza kushuka.

Chukua jengo la urefu wa mita 12. Mwezi Machi, saa nne asubuhi, kivuli chake kinalala upande wa magharibi kiasi cha mita 11. Adhuhuri hakipo. Saa kumi alasiri kiko mashariki, mita kama 13. Uwanja wetu una foleni upande wa magharibi asubuhi, jambo ambalo ni bahati nzuri, lakini wanaosubiri alasiri wanapaswa kuwa mashariki, na mashariki ndiko walikoweka maegesho ya magari ya wakubwa. Magari yanapumzika kivulini, mama na mtoto wako juani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: anayeshuka kwenye gari lililoegeshwa kivulini hawezi kuona kasoro ya ramani hiyo. Viti vilivyochorwa zamani, ambavyo hata havikujengwa, vilikuwa katikati ya uwanja, mahali ambapo kivuli cha jengo hakifiki saa yoyote wanayopita watu. Vingejengwa vingebaki vitupu, kisha tungeambiwa watu wa huku hawapendi kukaa nje.

Watu wa huku hawapendi kukaa nje! Njoo kwenye matanga yoyote, kutoka Siaya hadi Vihiga. Asubuhi gari linashusha tenti na viti vya plastiki, saa moja baadaye watu mia tatu wamekaa. Jua likisogea, hakuna anayengoja kuambiwa. Kila mtu anainuka, anashika kiti kwa mgongo, anakisogeza kufuata kivuli, mazungumzo yanaendelea. Bibi akifika, kijana anampisha, anakwenda kujitafutia kingine. Whyte alikiona kitendo hicho New York, mtu kusogeza kiti kidogo kabla ya kukaa, akakiandika kama ugunduzi. Nyumbani kwetu mtoto wa miaka mitano anakijua.

Miti, haraka haraka. Usipande yago, yaani mwegea, juu ya viti; tunda lake lina kilo kadhaa na likianguka linaweza kuua. Ng'owo, yaani mkuyu, ana kivuli cha baraka lakini mizizi yake itainua kabro, labda umwachie nafasi pana. Jakaranda hupukutisha majani wakati wa kiangazi, yaani wakati unapomhitaji. Mti wowote utakaoupanda, usiuzibe kabro hadi shinani, mizizi nayo inataka maji na hewa. Na ukiwa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, tayarisha msingi wa kabro vizuri, la sivyo mwaka wa pili wazee wanajikwaa.

Mkubwa wangu alipoona nang'ang'ania viti akapendekeza chemchemi. Boston, Marekani, walikuwa na chemchemi. Walibomoa mtaa mzima wenye pilikapilika, Scollay Square, mapema miaka ya 1960, wakajenga jumba la jiji na kulizungushia uwanja wa matofali mekundu, hekta kadhaa. Chemchemi ikavujisha maji kwenye njia ya treni iliyo chini, ikazimwa, na kwa miaka mingi ikabaki shimo kavu katikati ya uwanja ambao wenyeji waliulalamikia, kiangazi tanuri, kipupwe upepo. Mahandaki hayo ya treni ndiyo pia yaliyotatiza upandaji wa miti. Uwanja ulifunguliwa upya 2022, ukiwa na miti, sehemu za kukaa, mahali pa watoto kucheza, na njia ya mteremko wa polepole ambayo mtu wa kiti cha magurudumu anaipita bila kutafuta mlango wa nyuma. Walichukua zaidi ya miaka 50 kufika hapo. Sioni kwa nini nasi tuanzie walipokosea wao.

Kuna mambo yananisumbua, na siwezi kuyaficha kwa kuwa tu nataka kushinda mjadala. Viti vya kubebeka vitaibiwa vingapi? Bryant Park ina wafanyakazi wanaovitunza. Sisi bajeti ya matunzo huwa ya kwanza kukatwa. Jingine ni wachuuzi. Najua uwanja hauchangamki bila chai, mandazi na mahindi choma, lakini nimeona pia kwamba mahali pakishapendeza, wa kwanza kuondolewa ni hao hao waliopachangamsha. Nikichora uwanja mzuri, je, nawachorea njia ya kufukuzwa? Nimeomba nafasi zao ziandikwe kwenye mpango wenyewe, zikiwa na bomba la maji na pipa la taka, na bado sina amani.

La tatu ni choo. Whyte alisema ukiona wanawake ni wachache kuliko kawaida mahali fulani, hapo pana kasoro. Siku zangu tatu, wanawake walikaa muda mfupi kuliko wanaume, na nilidhani ni jua mpaka mmoja akaniambia wazi: ndani choo ni cha wafanyakazi, kwa hiyo hanywi maji tangu atoke nyumbani na akimaliza shughuli anakimbia. Mchoro wangu wa kwanza haukuwa na choo. Nilikuwa nimepima vivuli kwa kila saa na mwezi, na choo nikakisahau. Sasa kipo, karibu na lango, mahali penye macho ya watu.

Barua nimeipeleka jana. Sikuomba pesa za ujenzi. Nimeomba wiki mbili, viti 50 vya plastiki vya kukodi, tenti mbili, ruhusa ya mama wawili wa chai, choo cha ndani kifunguliwe kwa umma, na askari waambiwe wasimwinue mtu aliyeketi. Nitakuwa pale kila siku na daftari, nikiandika nani kakaa, saa ngapi, na kiti kakihamishia wapi. Mkubwa aliyenikatiza nimemwekea kiti upande wa mashariki, kuanzia saa tisa.