Kutu haili chuma sawasawa

Wateja wengi wa karakana za kuchomelea pale Mwanjelwa, Mbeya, huamini kwamba stenlesi haishiki kutu kamwe, na kwamba chuma cha kawaida huliwa taratibu, uso mzima kwa pamoja. Yote mawili si kweli.

Stenlesi ina kromiamu, angalau asilimia 10.5. Ikikutana na oksijeni hujenga utando wa nanomita chache tu unaoukinga uso. Kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, huutoboa utando huo mahali padogo. Ndani ya kitobo ayoni za metali (chembe zenye chaji ya umeme) huvuta kloridi zaidi, maji yanageuka tindikali, na shimo linazidi kujichimba huku sehemu nyingine yote ikimetameta. Ujanja mtupu!

Kipimo cha kawaida hukwama hapo. Kutu huendana na mkondo mdogo wa umeme; ukiupima kwa bamba zima unapata namba moja ya wastani, na shimo linapotelea humo. Kwa hiyo watafiti huizamisha sampuli kwenye mmumunyo, kisha huipitisha juu yake elektrodi (kipitishio cha umeme) yenye ncha nyembamba kuliko unywele, mara nyingi maikromita 25 au chini, nukta kwa nukta, hadi wapate ramani ya mahali mmenyuko unapofanyika. Mojawapo ya mbinu hizi ilitambulishwa mwaka 1989 na mwanakemia Allen Bard na wenzake, Texas, Marekani. Ni kazi ya polepole, na eneo linalopimwa ni dogo mno.

Bati la paa nalo haliliwi sawasawa: kwa bati la Tukuyu, na mvua zile, anza kukagua kuzunguka misumari na kwenye mikwaruzo, ilikotoka zinki, ile metali inayolikinga.