Elfu mbili chini ya sahani

Kuna mama anauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Saa kumi na moja alfajiri, kabla hajatoka, anamwachia mwanawe chupa ya chai, viazi anavifunika kwa kawa, na chini ya sahani anaweka elfu mbili ya bando. Mwana ana miaka 31, na bado anakaa ndani akilishwa na mama. Majirani wana maneno yao, na mengi si kweli.

"Mvivu huyo, afukuzwe." Uvivu upo, sikatai. Ila wengi wa namna hii walianza kwa kuanguka: mtihani, au mtaji wa kwanza uliokatika. Akajificha ndani kuogopa macho ya watu, na kadiri anavyokaa ndani hofu inanenepa. Ukimtupia virago kwa hasira, wiki mbili baadaye ni wewe unayemfuata stendi ya Nyegezi.

"Akioa atatulia." Mama atafunika sahani mbili.

"Asipotaka mwenyewe kubadilika, huna la kufanya." Hapa ndipo wazazi wengi wanapokwama. Mwaka 2012 wanasaikolojia Eli Lebowitz, Haim Omer na wenzao walichapisha kazi yao kuhusu watu wazima wa aina hii; waliofundishwa walikuwa wazazi. Huwezi kumwamsha mtu mzima kwa nguvu, lakini kumfulia unaweza kuacha. Unamwambia mapema, kwa sauti ya kawaida: kuanzia mwezi ujao bando sinunui. Kisha unapunguza kimoja kimoja, bila matusi wala mabishano ya usiku wa manane. Akinuna, anune.

"Ya nyumbani hayatoki nje." Aibu ndiyo inayomfunga mama. Njia ya Omer inataka ndugu wajue na wamsimamie mzazi. Vikao vya wajomba tunavyo, ila tumevigeuza vya kumsuta kijana. Waje kumtia mama nguvu asirudi nyuma.

"Sheria inanibana nimlishe." Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18.

Anayesikia sauti, au anayesema heri afe, huyo ni wa kupelekwa hospitali, si wa kukatiwa bando.

Wiki iliyopita mama aliondoka bila kuacha ile elfu mbili. Kufika saa nne simu yake ilikuwa imebipiwa mara tisa, pale juu ya turubai. Akaendelea kupima dagaa kwa sado.