Saikedeliki haina "saiko" ndani

Juzi kibarazani jamaa mmoja katoa hukumu: "Saikedeliki ni dawa ya vichaa. Neno lenyewe si linakwambia? Saiko!" Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mwezi huu hiyo ni mara ya tatu naisikia, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Maana ya saikedeliki ni fupi: ni kemikali zinazogeuza kwa muda jinsi mtu anavyoona, anavyosikia na anavyojihisi, hasa kwa kushika vipokezi vya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Silosibini ya uyoga, aliyoitenga mkemia Albert Hofmann huko Basel, Uswisi, mwaka 1958, ni mojawapo. Basi. Tuje kwenye jina.

Miaka ya 1950 madaktari waliziita kwa neno refu la Kigiriki lenye maana ya "viiga wehu". Walidhani anayezimeza anaonja kwa saa chache yale anayoishi nayo mgonjwa wa skizofrenia. Humphry Osmond, daktari wa akili Mwingereza aliyefanya kazi Weyburn, Kanada, alianzia hapo hapo. Lakini akaona baadhi ya walevi sugu wakiacha pombe baada ya kupewa LSD, kemikali nyingine ya kundi hili, na jina la wehu likawa halimkai tena mdomoni. Mwaka 1956 akaandikiana barua na mwandishi Aldous Huxley, kila mmoja akipendekeza jina jipya. Huxley akaleta "fanerotaimu". Nashukuru halikushika, lijaribu ukiwa na jino bovu. Osmond akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki: psyche, yaani nafsi, na delos, yaani kilicho wazi. Kwa kanuni ya Kigiriki ilipaswa kuwa "saikodeliki", lakini pale penye o yeye kaweka e.

Yaani neno limezaliwa likiukimbia wazimu, na sisi tunalifunga kamba kulirudisha.

Na hilo "dawa" nalo lina haraka. Katika jaribio lililochapishwa 2022, watu 233 wenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, iliyokataa kutibika walipewa dozi moja ya silosibini: miligramu 25, 10 au 1. Mtu analala kitandani, kitambaa machoni, muziki masikioni, mtaalamu pembeni, saa sita hadi nane. Baada ya wiki tatu, wa miligramu 25 walikuwa na nafuu kubwa kuliko wa 1. Wa 10 hawakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Kichefuchefu na maumivu ya kichwa yalikuwepo, na mawazo ya kujiua yalijitokeza katika makundi yote matatu. Kitu kinachopimwa hivyo kwa sasa kinatosha kuitwa kiambata cha majaribio.

Kwa hiyo, kaka yangu wa kibarazani, ukitaka Kiswahili chake sema "kidhihirisha nafsi". Ukiliona refu, baki na saikedeliki, ila ukishasema "sai" usitie "ko": hapo pana e.