"Luggages" si ujinga: dhana potofu kuhusu Kiingereza chetu

Wengi wanaamini kwamba anayekosea Kiingereza ana kichwa kizito au hakusoma. Jioni, hapa Moshi, nawafundisha Kiingereza vijana wa Mlima Kilimanjaro: wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita, wanaotaka siku moja kuongoza watalii. Kwenye madaftari yao naona jambo jingine kabisa. Karibu kila kosa lina mantiki, na mantiki hiyo ni ya Kiswahili.

Kijana anasimulia habari za mama yake mzazi, anasema "he lives in Marangu", darasa zima linacheka. Kucheka huko kunaniuma. Tofauti ya "he" na "she" anaijua, muulize atakujibu. Ila tangu azaliwe, "yeye" ni mama na ni baba, na ile "a-" ya "anaishi" haijawahi kumdai achague. Kumkaririsha kanuni upya hakusaidii. Mpe picha ya familia aieleze kwa sauti kila siku, mpaka ulimi uzoee kuchagua.

Dhana nyingine ni kwamba "-ing" inakifanya Kiingereza kiwe cha kisomi: "I am knowing this route." Chanzo chake ni "-na-" yetu. "Anapika" yaweza kuwa sasa hivi jikoni, yaweza kuwa ndiyo kazi yake, na "anajua" inabeba "-na-" hiyo hiyo. Kiingereza kinatenganisha: "she is cooking" ni sasa hivi, "she cooks" ni kawaida yake. Vitenzi vya hali kama "know", "want", "need" na "believe" kwa kawaida havichukui "-ing". "Have" ndiyo inayowasumbua zaidi. Ikiwa na maana ya kumiliki, sema "I have two bags". Lakini "I am having lunch" ni sahihi, maana hapo ni kula.

"Luggages" nayo imetoka kwenye mizigo, kama "equipments" ilivyotoka kwenye vifaa. Kwa Kiingereza maneno haya hayana wingi, sawa na "information" na "advice". Nawakumbusha unga: hatusemi maunga mawili, tunasema mifuko miwili ya unga. Basi ni "two pieces of luggage", au "two bags" tu.

Halafu "Did you slept well?" Kijana anaogopa kuiacha "slept" kwa sababu jambo limeshapita. Namwandikia ubaoni "ulilala". Wakati umebebwa na "-li-", "lala" haikuguswa. "Did" ndiyo "-li-" yao: "Did you sleep well?"

Na si kila kosa ni kosa. Wapo walimu wanaopiga kalamu nyekundu sentensi inayoishia na kihusishi, yaani neno kama "from" au "with". Mshairi John Dryden alilalamikia jambo hilo mwaka 1672, na wengine wakaligeuza sheria. Waingereza wenyewe wanauliza "Where are you from?" kila siku.

Ninalolikazia kuliko yote ni "yes" na "no", kwa kuwa wengi wanadhani ni "ndiyo" na "hapana" tu. Ukiniuliza "Huumwi kichwa?", naweza kukujibu "Ndiyo, siumwi", nikikubaliana na maneno yako. Kiingereza hakifuati maneno ya muulizaji, kinafuata hali yenyewe: kama siumwi ni "no", kama naumwa ni "yes", hata swali liwe limekanusha.

Sasa fikiria uko kambini, jua limezama, unamuuliza mgeni kwenye hema, "You don't have a headache?" Anajibu kwa uchovu, "Yes." Wewe umesikia haumwi. Yeye amesema anaumwa. Na kichwa kuuma ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko tunayoichunga kwa mtu anayeelekea kileleni, mita 5,895.

Kwa hiyo darasani kwangu swali hilo halikanushwi: "Do you have a headache?" Na jibu haliachwi neno moja: "Yes, I do" au "No, I don't". Tunaliigiza wawili wawili, mmoja mgeni, mwingine mwongozaji. Juzi aliyekuwa mgeni alijibu "Yes" akanyamaza. Mwenzake hakuondoka. Alichuchumaa, akamwuliza tena: "Yes, you have a headache?"